Ushuhuda Nilioutoa Kabla ya Kupona

Nitaanza na uongo wangu, maana huo ndio uliokaribia kunimaliza kabla hata ya ugonjwa wenyewe. Nilisimama mbele ya kanisa letu, nikashika kipaza sauti kwa mikono miwili, nikasema: "Bwana asifiwe! Mimi Phanice nilikuwa na uvimbe kwa titi, na leo Bwana ameuondoa!" Vigelegele vilipigwa mpaka mabati yakalia. Mama mkwe wangu alikuwa anaruka kama msichana wa kwaya. Na ile karatasi niliyopewa na nesi wa zahanati, ya kunituma hospitali ya Kakamega mjini, niliitoa kwa Biblia nikaipasua hapo hapo, watu wakiona.

Uvimbe ulikuwa bado. Sikuwa nimeugusa. Tulikuwa tumeombewa, joto likanipanda mwilini, nikalia, mhubiri akasema aliyepona ajitokeze, na miguu yangu ikatoka yenyewe. Mtu anayeabudu katika kanisa kama letu ananielewa. Sikutaka kudanganya mtu, niliamini kweli. Jioni nikioga ndipo nilipopitisha mkono chini ya titi la kushoto, upande wa kwapa. Kile kitu kilikuwa pale pale, kigumu kama haragwe lililogoma kuiva. Niliketi kwenye sakafu ya bafu na sabuni mwilini, nikasema, "Nyasaye wanje, Mungu wangu, nimefanya nini?"

Naandika haya sasa, dawa zimekwisha na nywele zimerudi, kwa sababu najua kuna mwingine mahali fulani ameketi kwenye sakafu kama ile. Dada, habari za kitaalamu waulize madaktari. Mimi nitakueleza woga tu, maana huo ninaujua.

Mimi ni fundi wa nguo. Kibanda changu kiko sokoni, upande wa Navakholo, na cherehani yangu ni ile ya kukanyaga. Mume wangu, Baba Edina, ni fundi wa mawe. Tuna watoto watatu, na mama mkwe anaishi boma lile lile, mlango wake ukitazama mlango wangu. Ni mama mwenye sauti na msimamo. Siku ile ya ushuhuda ilikuwa wakati wa kuvuna mahindi, naye alichinja kuku wa shukrani.

Sasa niambie, ukishakula kuku wa shukrani, utarudije kusema hujapona?

Nilinyamaza miezi saba. Na mambo hayakuishia kanisani kwetu, la. Nilialikwa Shianda kushuhudia. Nikaalikwa makanisa mengine mawili. Kila nilikoenda hadithi iliongezeka utamu, nami niliongeza chumvi nikisaidiwa na makofi, huku nguo ya ndani ikinibana upande mmoja. Nikimaliza kushuhudia nilikuwa naenda chooni najifungia. Niliogopa uvimbe. Niliogopa kuitwa mwongo. Kuliko vyote niliogopa kwamba Mungu amenikasirikia, kwamba kinakua kwa sababu ya mdomo wangu. Mpaka wakati wa kutayarisha shamba haragwe lilikuwa limefika ukubwa wa yai la kwale, na ngozi ya juu yake imeingia ndani, kama kitambaa mtu akivuta uzi vibaya.

Hospitali sikuenda. Ningeonekana kwenye foleni. Halafu mama mkwe alikuwa na neno lake, alilirudia kila tulipozika mtu: "Kisu kikiingia, hewa inaingia, na ugonjwa unaanza kutembea." Jirani yetu mmoja alipasuliwa akafa kabla ya palizi. Hakuna aliyesema kwamba alikaa nao miaka miwili nyumbani kwanza.

Mwezi wa kupanda, kanisa letu lilipata wageni. Walikuwa watu kumi na mmoja kutoka Tanzania, upande wa Mwanza, waliovuka mpaka kuja kufanya misheni kwetu wiki mbili: asubuhi nyumba kwa nyumba, alasiri mkutano wa injili sokoni. Hawakuwa wazungu, na watoto walisikitika kidogo. Waligawanywa majumbani, na kwetu akaletwa mama mmoja mrefu, mpole, anayetembea polepole kama mtu asiye na deni popote. Aliitwa Mama Neema.

Alimsalimu mama mkwe, "Shikamoo, mama," akiinama kabisa. Mama mkwe akajibu, "Mzuri sana!" Baba Edina alitoka nje kwenda kucheka. Tulimpikia obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, naye alikula kwa heshima, akiomba kila kitu: naomba maji, naomba chumvi, naomba nipite. Siku ya pili watoto wangu walikuwa wanaombana mpira.

Sasa kuna desturi moja kwetu. Wageni wa misheni hawarudi kwao na nguo walizokuja nazo tu. Wanashonewa sare, kitenge kimoja na kina mama wa kanisa, ili Jumapili ya mwisho tuwe rangi moja. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Kufikia Jumatatu nilikuwa nimepima wanawake wote isipokuwa yeye. Kila nikimwita ana sababu. Mwisho akaniambia, "Dada Phanice, wewe nishonee gauni la kukadiria tu."

"La kukadiria?" nilimwambia. "Aki dada, mimi sishonangi kwa kubahatisha. Ukifika kwenu likuvuke mabega, watasema Kakamega hakuna mafundi?"

Jumanne mchana alikuja kibandani. Jua lilikuwa kali na soko limelala. Aliingia, akafunga mlango nyuma yake, akasimama katikati ya chumba akasema, "Haya. Pima."

Nilianza na mabega, nikashuka urefu, nikazungusha futi kifuani. Fundi aliyeshona miaka kumi na minne anajua mwili kwa vidole. Upande wa kulia ulikuwa mwili. Upande wa kushoto haukuwa. Uliingia ndani ukakaa hivyo hivyo, kama mto. Nilisimama na futi mkononi.

"Endelea," alisema.

Sikuweza.

"Ni pamba," alisema taratibu. "Pamba na mtama kidogo ndani ya kimfuko, ili pawe na uzito. Nimeshona mwenyewe. Titi lilikatwa, sasa ni mwaka wa nne."

Futi likaniponyoka. Mama Neema aliliokota, akanitazama kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kutazamwa.

"Mtu akisikia habari kama hii husema pole," alisema. "Wewe hukusema pole. Wewe umeogopa. Na ule mkono wa kushoto huuinui, mwenzangu. Tangu nimefika nakuona unaanika nguo kwa mkono mmoja."

Jamani, nililia. Nililia nikiwa nimeziba mdomo na kitambaa cha sare, kwa sababu upande wa pili wa ubao ni kinyozi, na kinyozi ndiye redio ya soko. Aliponiambia "Nionyeshe," nilifungua vifungo. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameona, hata Baba Edina, kwa sababu miezi yote ile nilikuwa nalala na blauzi nikisingizia baridi.

Hakupiga kelele. Aliangalia, akagusa kwa ncha za vidole viwili, akanifunika. Halafu akauliza, "Muda gani?"

"Miezi saba tangu nishuhudie. Na kabla ya hapo, miwili."

"Kushuhudia nini?"

Nikamweleza yote, kuku, Shianda, karatasi niliyoipasua. Nilipomaliza alikuwa ameketi juu ya furushi la vitambaa, machozi yanamtoka yeye sasa. Nikapiga magoti mbele yake. Nilimshika miguu. Nikamwambia, "Niombee, dada. Wewe umetoka mbali, umetumwa. Labda yule wa kwanza hakuwa na upako. Niombee sasa hivi kiondoke, na mtu asijue."

Ndipo akaniambia jambo ambalo sikutarajia kusikia kwa mmisheni yeyote. Alisema, "Sikuombei."

Nilifikiri nimesikia vibaya.

"Leo sikuombei, Phanice. Nikikuombea hapa, utapata sababu ya kubaki hapa. Mimi mwenyewe niliombewa mara tatu, nikakaa mwaka mzima nasubiri kiyeyuke, mpaka dada yangu akanidanganya tunaenda harusini, kumbe ni hospitali. Nitakuombea. Lakini nitakuombea ukiwa umekaa kwenye benchi la hospitali, si kwingine."

Nilimchukia dakika ile. Nilimwona mtu wa roho ngumu, asiye na imani, aliyekula kuku wangu bure. Nilimwambia aende. Alichukua mkoba wake, akafungua mlango, akasema, "Kesho saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa nimevaa viatu."

Na kweli asubuhi alikuwa amekaa barazani, viatu miguuni, chai imepoa mbele yake. Alikuwa amemwambia kiongozi wao kwamba siku hiyo hataenda nyumba kwa nyumba, ana nyumba moja tu. Mimi nilikuwa sijalala. Nilimwambia mume wangu nampeleka mgeni mjini kununua uzi.

Hospitalini nilitaka kukaa nyuma ya nguzo. Watu walikuwa wengi, wengine wamelala sakafuni juu ya leso, mtoto analia, nesi anaita majina kama mtu anayegombana. Kila aliyeingia mlangoni nilimwona ni wa kanisa letu. Na kweli, kabla ya saa nne, akatokea mama mmoja wa kwaya na kadi ya kliniki ya presha. "Eh, Phanice! Umeleta mgonjwa?"

"Eeh," nikasema bila hata kufikiri. "Nimeleta huyu mgeni wetu."

Mama Neema alimsalimu, akampa mkono, akakubali kupewa pole. Yule alipoondoka akanigeukia. "Huo uongo uwe wa mwisho," alisema. "Sitaubeba mwingine."

Kisha aliomba. Nilikuwa nangoja maombi ya kumwaga jasho, ya kukemea. Alinishika mkono, macho wazi, sauti ya chini kama anayeniomba chumvi: "Baba, huyu anaogopa. Mimi pia naogopa kwa ajili yake. Kaa nasi hapa kwenye foleni. Amina." Basi. Nilikuwa nimeombewa na watu wengi wenye sauti kubwa, lakini hayo ndiyo maombi ya kwanza yaliyotaja kitu nilichokuwa nacho kweli.

Daktari alikuwa kijana mwenye mikono baridi. Alipopapasa kwapa alinyamaza, na nakwambia, hakuna kelele ya kutisha kama daktari akinyamaza. Nilichomwa sindano ya kutoa kinyama cha kupima. Nikaambiwa nirudi baada ya wiki mbili.

Jumapili ya mwisho sote tulikuwa ndani ya kitenge kimoja, gauni la Mama Neema limemkaa vizuri kabisa. Mchungaji, kwa nia njema, akaniita mbele niwasimulie wageni nilivyoponywa. Nilisimama. Kanisa lote lilinigeukia likitabasamu. Nikashika koo, nikasema sauti imekauka, nikaketi. Mama Neema alikuwa anaangalia sakafu. Kesho yake waliondoka.

Majibu yalikuja na mvua. Nilirudi nyumbani nimelowa, nikamwambia Baba Edina tukiwa jikoni, kwa sentensi moja, kwa sababu mbili zingenishinda. Hakuuliza habari ya kansa. Aliuliza, "Miezi saba unalala kando yangu na hukuniambia?" Akatoka. Siku tatu alijenga banda la kuku ambalo hakuna aliyemwomba, anapanga matofali na kubomoa, hasemi na mtu. Siku ya nne alinichemshia maji ya kuoga, akayabeba mpaka bafuni, akasema, "Tunaenda lini?" Nilijua nina mume.

Mama mkwe alikuwa jambo lingine. Alisimama mlangoni pangu, hakuingia. "Ulishuhudia kwa mdomo wako," alisema. "Sasa unataka Mungu aonekane mwongo? Na mwanangu aishi na mwanamke nusu? Kisu hapana. Kisu ni kuita kifo." Baba Edina akamwambia, "Mama, inatosha." Hakuwahi kumwambia hivyo maishani. Walikaa bila kusalimiana mpaka mahindi yakatoa mbelewele, na hilo nalo liliniuma, maana nilijiona ndiye niliyegawa nyumba.

Nilikatwa wakati wa kumbikumbi. Nilipoamka nilikuwa naogopa kushusha macho. Siku mbili nilitazama dari. Siku ya tatu nesi mmoja mnene, mcheshi, akaniambia, "Mama, hata usipoangalia, halirudi," na tukacheka wote wawili huku mshono ukinivuta. Nikaangalia. Palikuwa tambarare, pana mstari mrefu. Kwa jicho la fundi nilisema moyoni kwamba aliyeshona hapa ana mkono mzuri, halafu nikalia mpaka chakula cha jioni.

Dawa za mshipa zilikuwa sita, moja kila baada ya wiki tatu. Ya kwanza ilikuwa wakati wa palizi. Ni nyekundu, na ukiiona inashuka kwenye mpira kuelekea mkononi mwako, unataka kukimbia. Nywele zilitoka kabla ya ya pili, mafungu mafungu, kwenye mto. Ya tatu, harufu ya obusuma ikanishinda, mimi niliyezaliwa nayo. Ya nne kucha zikawa nyeusi na nyayo zikafa ganzi, nikawa nakanyaga cherehani bila kujua kama mguu uko juu au chini. Hapo niliogopa kuliko siku ya kisu. Titi nilikuwa nimekubali liende, lakini miguu ndiyo inayolisha watoto. Baba Edina alikuwa akirudi kazini ananikandia nyayo na mafuta ya kupikia, mikono yake ya simenti inakwaruza, nami sihisi kitu. Siku niliyohisi ule mkwaruzo nilipiga kelele ya furaha, watoto wakaja mbio.

Kila siku ya dawa, simu ilikuwa inaita kutoka Mwanza. Mama Neema hakuwa na maneno mengi. "Uko kwenye benchi?" "Niko." "Haya, tuombe." Siku moja nilikuwa nimekataa kwenda, nimejifunika blanketi. Nikamdanganya niko. Akasema, "Mbona nasikia jogoo?" Niliamka nikavaa.

Walivuna bila mimi. Nikaenda Eldoret kuchomwa mionzi, wiki baada ya wiki, nikilala kwa binamu. Niliporudi watu walikuwa wanatayarisha shamba tena. Daktari akasema kwa sasa hawaoni kitu. Shika hilo neno, "kwa sasa." Ndilo ninaloishi nalo. Kila ukaribiapo wakati wa kurudi kupimwa, siku tatu kabla naanza kujipapasa. Usiamini mtu akikwambia woga unaisha.

Lakini kulikuwa na uongo wangu, ulikuwa bado umesimama pale madhabahuni. Na habari zilinifikia kwamba mama mmoja kule Shianda, aliyenisikia nikishuhudia, naye alipasua karatasi yake ya hospitali. Sijui jina lake. Niliulizia, sikumpata. Huyo ndiye ninayemwona nikifumba macho.

Nilienda kwa mchungaji nikamweleza. Alisema, "Jumapili nitakupa nafasi. Na mimi nitasimama kando yako, maana nilikupa kipaza sauti bila kukuuliza."

Jumapili ile mikono ilikuwa baridi kama ya yule daktari. Nilisema: "Mnanijua. Nilisema hapa nimepona. Sikuwa nimepona, sikuwa hata nimejigusa. Nilipasua karatasi nikarudi nyumbani nikaogopa peke yangu miezi saba. Mungu amenitendea mengi, lakini alinitendea hospitalini. Nimekatwa titi. Aliyesikia ushuhuda wangu wa kwanza, ausahau. Na mwenye uvimbe, hata mdogo, aende kesho." Sikusema zaidi ya hayo.

Hakuna aliyesema amina. Wengine waliangaliana. Mtu mmoja nyuma alitoka nje. Nilikuwa nimejitayarisha kuzomewa, lakini kile kimya sikujua nikifanyie nini.

Kisha kwenye benchi la kina mama mtu akasimama. Ni mama mkwe wangu. Nikajua sasa ndio mwisho, atanivua nguo mbele ya watu.

"Phanice," alisema. Sauti yake haikuwa ile ninayoijua. "Kilikuwa kinauma?"

"Hapana, Mama. Hakikuuma hata kidogo."

"Hata kikikua?"

"Hata kikikua."

Alishika mgongo wa benchi lililokuwa mbele yake. "Na ile ngozi," akauliza, "inaingianga ndani hivi, kama imevutwa?"

Habari ya ngozi sikuwa nimeitaja.

Jumatatu tulikuwa hospitalini kabla milango haijafunguliwa, mimi, yeye na Baba Edina, ambaye hakuweza kuketi. Jina la mama mkwe lilipoitwa aliinuka mwenyewe, akakataa mkono wa mwanawe, akaenda mpaka kwenye pazia. Kwetu mkwe haoni mwili wa mama mkwe. Miaka kumi na sita nimeishi boma moja naye sijawahi kuona hata bega lake. Kwa hiyo nilibaki nimeketi, mahali pangu.

Alisimama pale, mgongo kwangu. Kisha akageuka, yule mama wa sauti, akaniambia kwa kunong'ona, "Ingia na mimi. Naogopa."

Nikainuka, nikaingia.